Pua ya Soko la Rukiza

Sehemu ya Sita

Mlioniacha wiki jana nimekaa ukingoni mwa barabara, mbele ya lango la soko lililofungwa kwa mnyororo, bado niko pale pale. Sijasogea. Ningesogea kwenda wapi?

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi. Naitwa Gaudiose, lakini sokoni wananiita Mama Kaze. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Rwanda nikiwa msichana. Kwa miaka kumi na minne nimeuza losheni na manukato katika soko la Rukiza, hapa Kigali.

Miaka miwili ya mwisho nilikuwa natengeneza losheni yangu mwenyewe. Nilikuwa naipikia jikoni kwangu, kwenye sufuria ya maharage, na kuitia katika chupa za bluu za Kifaransa ambazo wafanyakazi wa majumba ya matajiri wa Nyarutarama waliniletea zikiwa tupu. Unga wa kung'arisha ngozi nilipewa na mtu anayeitwa Achille, na ni huyo Achille aliyezungusha chupa zangu meza kwa meza akisema zimetoka ng'ambo. Ule unga ulikuwa na nini ndani, sikuuliza. Mnajua kwa nini sikuuliza.

Halafu binti mmoja wa Ndera alijipaka siku tano kabla ya harusi yake. Uso ukavimba, ngozi ikachunika. Haukupita muda wakaja watu wa serikali, wakafunga soko zima, wakabandika karatasi langoni: soko limefungwa kwa sababu ya bidhaa bandia, mpaka ijulikane zinakotoka.

Zilikuwa zinatoka kwangu. Na waliojua hilo chini ya jua tulikuwa wawili tu, mimi na Achille.

Nimesoma ujumbe wenu. Wengi mmeniita nyoka. Yule dada wa Kacyiru aliyeandika kwamba angenipaka ile losheni usoni kwa mkono wake, namwambia hajakosea, hata mimi nilishawaza hivyo. Lakini tulia dada, hujasikia ubaya wenyewe.

Siku ya kumi na moja ya kufungwa, Mukunde, muuza nyanya wa soko letu, alimwaga nyanya zake.

Alikuja na beseni kichwani, akalishusha mbele ya lango, akalipindua. Zilikuwa zimeshaoza. Alikuwa amezifungia nyumbani akingoja soko lifunguliwe, maana kuuzia barabarani hapa Kigali ni kujitafutia kesi.

"Munielezee!" akapiga kelele. "Nyanya feki iko aje? Ni nani alishaona nyanya feki? Mie losheni inanihusu nini? Angalieni iyi ngozi yangu. Iko ngozi ya losheni iyi?"

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu Mukunde alikuwa analia kweli.

Niliinama nikamsaidia kuzoa. Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyolowa, akaniombea kwa Mungu.

"Mama Kaze, Imana ikupe. Uyo mutu alitufanyia ivi, siku nitamujua, nitamutafuna mubichi."

"Atajulikana tu," nikasema.

Ndivyo nilivyomjibu, na uso mkavu kabisa. Nilikuwa nimeshazoea.

Mara Zephaniah akatokea, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wafanyabiashara. Zephaniah amekulia Karagwe, Tanzania, na akishika hotuba hata mvua inasubiri. Siku hiyo alikuja anakimbia, tai begani.

"Jamani! Ndugu zangu! Nimetoka ofisini sasa hivi. Wamekubali!"

Watu wakamzunguka. Akapanda juu ya kreti ya soda.

"Kesho asubuhi mkaguzi anakuja. Atapita meza moja baada ya nyingine. Meza safi inafunguliwa hapo hapo. Lakini wanataka sisi wenyewe tumtoe mmoja wetu. Mtu anayejua bidhaa. Mtu ambaye hakuna hata mmoja hapa anayemtilia shaka. Atatembea na mkaguzi, atasema hii nzima, hii si nzima."

Hakumaliza.

"Pua!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Pua! Pua! Mama Kaze!"

Pua ni mimi. Na hapa lazima niwaeleze, maana nje ya Rukiza hamtaelewa.

Sokoni kwetu, mtu akiletewa katoni mpya ya mafuta, sabuni au manukato, halipi mpaka aje kwangu na chupa moja. Mimi naifungua, nanusa. Napaka kidogo nyuma ya kiganja, nazungumza mambo mengine, nasubiri, nanusa tena. Kisha nasema neno moja: "Nzima," au "Si nzima." Nikisema si nzima, katoni inarudi ilikotoka hata kama mwenyewe alikuwa ameshaipenda. Ujira wangu ni Fanta sitroni. Kwa miaka mingi sikuwahi kukosea, na mungu wangu alikuwa ni huo umaarufu.

Sasa mnaona jinsi nilivyoingia dhambini kwa mlango mpana. Kila mtu alileta chupa zake kwa Pua. Chupa za Pua nani angezinusa? Achille alipowapelekea ile losheni yangu, walikuja kwangu mmoja mmoja, wakasimama mbele yangu kwa heshima, na mimi nikanusa kazi ya mikono yangu nikawaambia nzima.

"Hapana," nikasema siku ile mbele ya lango. "Mimi sifai. Nina mafua."

Wakacheka.

"Sina shule, jamani. Hao watu wamesoma. Chagueni kijana aliyesoma."

Wakapiga makofi. Kadiri nilivyokataa, ndivyo walivyozidi kuona kwamba ni unyenyekevu. Mtu mwenye tamaa hakatai cheo, ndivyo walivyojua wao.

Ndipo Harriet akasimama.

Harriet meza yake inagusana na yangu. Amekulia Kampala, anauza nywele za kusuka na mafuta ya kichwa. Tumekaa bega kwa bega miaka tisa. Mimi nikienda msibani anauza kwangu, yeye akienda kliniki nauza kwake. Na Jumapili moja kabla soko halijafungwa, alisimama nyuma ya binti yangu Kaze kanisani, mkono wake begani mwa mtoto, askofu akampaka Kaze mafuta ya kipaimara. Harriet ndiye marene wa mwanangu, mama yake wa kiroho. Kwetu sisi hilo si jina la heshima tu, ni undugu.

"Nyinyi sikieni," Harriet akasema. "Huyu mtu angekuwa na roho mbaya, angetuuzia sisi wote takataka na tusingejua. Sindiyo? Lakini hajafanya. Mimi naweza kumpa macho yangu anishikie. Mama Kaze, banange, usikatae. Watoto wetu wanalala na njaa."

Wakanyoosha mikono. Mikono mingi kuliko niliyowahi kuiona kwenye mkutano wowote wa soko. Hata mzee Évode, ambaye hakubaliani na chochote, alinyoosha fimbo.

Zephaniah akashuka kwenye kreti akanikumbatia.

"Umepita bila kupingwa," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Mchana nilimpigia Achille. Simu haikupokelewa mara sita. Mara ya saba ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Mbali. Unataka nini?"

"Wamenichagua kunusa. Kesho, na mkaguzi, meza kwa meza."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwacha acheke, maana nilikuwa sina mtu mwingine wa kuongea naye.

"Achille, dumu la losheni liko kabatini kwangu sokoni. Lita ishirini, limejaa. Na chupa tupu gunia zima."

"Wewe mwanamke! Si nilikwambia usihamishie vitu sokoni?"

"Nyumbani mume wangu alianza kuuliza harufu. Na si hilo tu. Ile katoni uliyokuwa uje kuichukua Ijumaa, nilimwachia Harriet akuwekee, niliwahi maandalizi ya kipaimara. Iko kabatini kwake. Hajui hata ndani kuna nini."

Nikasikia pikipiki zinapita huko aliko.

"Hapo sasa umeongea," akasema taratibu. "Hiyo katoni iko kwake. Hawa watu wanataka mtu. Wape mtu. Wakipata mtu watafungua soko, kila mmoja atarudi kwenye kazi yake, wewe utaondoa dumu lako polepole."

"Harriet?"

"Ana ndugu Uganda wanaingia na kutoka kila mwezi. Nani atashangaa?"

"Harriet ni marene wa mtoto wangu!"

"Basi chagua mwingine. Unataka nani? Wewe?"

Akakata simu. Nikabaki nimeishika sikioni.

Nilijiambia sitafanya. Naomba mlikumbuke hilo mkiwa mnanihukumu. Nilijiambia nitasema zote ni nzima, potelea mbali, na Mungu atajua la kufanya na zilizobaki.

Asubuhi mkaguzi alikuwa ameshafika kabla yetu.

Aliitwa Winifred. Mwanamke mfupi, amevaa raba, daftari kifuani, hacheki ovyo. Alikuwa na askari wawili. Wakafungua mnyororo, tukaingia sisi: Winifred, askari, Zephaniah na mimi. Wengine wote wakabaki nje, nyuso zao kwenye vyuma vya lango, karibu watu mia mbili. Kila meza ikifikiwa, mwenyewe anaitwa anaingia, anafungua kabati lake. Safu yetu ya losheni ndiyo ya kwanza kutoka langoni, kwa hiyo walituona vizuri.

"Wewe ndiye Pua?" Winifred akaniuliza.

"Ndivyo wanavyoniita."

"Ulisomea wapi?"

"Sikusoma. Nimezoea tu."

"Mimi nimesoma kemia miaka mitano. Leo tutajua nani ni nani," akasema, na hapo kidogo akatabasamu.

Tukaanza. Meza ya kwanza, sabuni. Nikanusa. "Nzima." Meza ya pili, mafuta ya watoto. "Nzima." Winifred anaandika, askari anachora alama ya chaki mezani, na watu langoni wanapiga makofi. Meza ya tatu, nzima, makofi.

Meza ya tano ilikuwa ya mzee Évode.

Mzee aliingia amevua kofia. Akafungua kabati lake, akasimama ameshika mikono mbele kama yuko mbele ya padri. Winifred akachagua chupa mwenyewe. Chupa ya bluu.

Sikuhitaji kuisogeza puani. Nilipolegeza kizibo tu niliijua. Inaanza na vanila, tamu, halafu mwishoni inaacha kitu kama chuma. Kile chuma kilinisumbua mwaka mzima, niliongeza vanila, nikapunguza mafuta mazito, hakikutoka.

Nikapaka nyuma ya kiganja. Nikasubiri.

"Nzima," nikasema.

Mzee Évode akashusha pumzi. "Imana ishimwe," akasema, akimshukuru Mungu.

Winifred akaandika. Lakini askari alipoinama na chaki yake, akamzuia kwa mkono.

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika."

"Sawa. Tuendelee."

Tukapita meza ya sita, nzima, bila matatizo. Kabla hatujafika ya saba akanivuta pembeni. Alizungumza bila haraka, kama mtu anayekwambia habari za hali ya hewa.

"Mama, nikwambie kitu. Siku tulipofunga hapa, tulichukua chupa moja juu ya kila meza ya safu hii, tukapeleka maabara. Majibu ninayo." Akagonga mfuko wa koti lake. "Nilitaka nione kama pua na maabara zinasema kitu kimoja."

"Na... zinasema kitu kimoja?"

"Isipokuwa meza moja."

Nikajifuta nyuma ya kiganja kwenye kitenge.

"Mtu anaweza kukosea mara moja," akaendelea. "Umri, mafua, kuchoka. Nakuelewa. Mara ya pili sitaiita tena kukosea."

Kisha akamgeukia Zephaniah.

"Nani anafuata?"

"Harriet!" Zephaniah akaita.

Harriet aliingia anacheka, amejifunga kitenge kipya. Alipita karibu yangu akanifinya kiuno, kule kufinya kwake kwa kila siku.

"Nusa vizuri, mama," akaninong'oneza. "Leo nimeoga."

Nilitamani kumwambia akimbie. Naapa kwa kipaimara cha mwanangu, nilitamani. Lakini angekimbilia wapi, na mimi ningesema nimejuaje?

Nywele za kusuka, hazihitaji pua. Mafuta ya kichwa, nzima. Nzima. Nzima. Winifred akapiga goti moja, akaingiza mkono ndani kabisa ya kabati, akaivuta katoni.

Haikuwa na jina wala maandishi. Akakata gundi kwa kalamu. Chupa ishirini na nne za bluu, zimepangwa vizuri. Nilizipanga mimi.

"Hizi siku ile hazikuwa juu ya meza," Winifred akasema.

"Hapana, hazikuwa," Harriet akajibu, bado uso umefunguka. "Hizo ziliwekwa tu."

Winifred akanipa moja. "Mama. Tafadhali."

Nikashika ile chupa. Langoni watu walikuwa wanangoja makofi yao.

Nikisema nzima, Winifred anaipeleka maabara, na hiyo ni mara ya pili. Atataka kujua ni pua gani hii isiyokosea popote ila kwenye chupa ya bluu. Nikisema si nzima, ni Harriet. Na Harriet atafungua mdomo aseme katoni ni ya Mama Kaze, kwa nini asiseme, ndiyo kweli yenyewe. Nilitafuta mlango wa tatu. Ndugu zangu, niliutafuta kwa nguvu zangu zote, na haukuwepo.

Nikapaka nyuma ya kiganja. Nikanusa. Nikasubiri kuliko siku zote.

"Si nzima," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi.

Harriet alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Mama Kaze," akasema polepole. "Hebu nusa tena."

Alikuwa ananipa nafasi. Sasa najua hivyo. Alidhani nimeshtuka, nimesahau katoni ni ya nani, nikikumbuka nitacheka nitasema, jamani, hii si ya Harriet, hii ni mizigo yangu, hata mimi wamenidanganya. Ningeweza kusema hivyo. Huo ndio uliokuwa mlango wa tatu, na alikuwa amenifungulia yeye.

Nikanusa tena.

"Si nzima."

"Katoni hii ni ya nani?" Winifred akauliza.

Harriet alikuwa ananitazama mimi, anasubiri niseme. Mimi nilikuwa namtazama yeye, nasubiri anitaje. Kama angeninyooshea kidole ningekubali, nawaapia, ningekubali palepale. Nilikuwa natamani aninyooshee. Lakini kujinyooshea mwenyewe sikuweza.

Nikaona kitu kinapita machoni mwake. Alitazama katoni, akatazama chupa mkononi mwangu, akatazama tena uso wangu. Miaka tisa tumekaa bega kwa bega. Alichokuwa hajakijua, alikijua pale.

"Nimeuliza," Winifred akasema. "Ni ya nani?"

"Iko ndani ya kabati langu," Harriet akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi ni yangu."

"Umeitoa wapi?"

"Sikumbuki."

"Chupa ishirini na nne, hukumbuki?"

"Sikumbuki, madamu."

Askari mmoja akamshika mkono, juu kidogo ya kiwiko. Zephaniah akatoa leso akajifuta uso. "Harriet! Wewe? Wewe tuliyekula nawe?" Na langoni sauti zikalipuka kwa pamoja.

"Ndiye! Ndiye uyo!"

"Alijidai mutu wa kanisa!"

"Mutowe apa mbele!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mukunde, alikuwa amepandisha mguu kwenye chuma cha lango. "Harriet! Nilikupa nyanya za bure wakati uko na mimba! Unakumbuka? Za bure! Kumbe unatuuwa!"

Wengine wakaanza kuimba jina langu. Pua, Pua, Pua. Walikuwa wananishangilia. Nilisimama katikati ya lile jina na chupa yangu mkononi, Harriet ameinamisha kichwa hatua mbili kutoka nilipo, na sikusema kitu. Andikeni hivyo magazetini. Mwandishi wenu hakusema kitu.

Zephaniah alishamgeukia Winifred.

"Madamu, mtu tumempata. Tunaomba watu waingie. Watu wana njaa."

"Wataingia," Winifred akasema, anaandika. "Safu hii imebaki meza moja tu."

Akaisoma namba kwenye daftari, akaitazama meza iliyogusana na ya Harriet.

"Hii ya nani?"

"Ya Pua mwenyewe!" Zephaniah akacheka kwa furaha. "Hiyo hata usipoteze muda, madamu."

"Na majibu ya chupa yake ni safi," Winifred akakubali. Ni kweli, juu ya meza yangu nilikuwa naweka zilizo nzima tu, sikuwa mjinga kiasi hicho. "Lakini sheria ni moja. Mama, fungua kabati."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alfajiri nilikuwa nimeuzamisha ufunguo ndani ya gunia la unga wa muhogo, nyumbani.

Nikajipapasa kifuani, nikajipapasa kwenye mkoba, nikautikisa mkoba.

"Mungu wangu. Nimeuacha nyumbani. Kwa haraka ya asubuhi. Naomba nikaulete, nitarudi baada ya saa moja."

Saa moja ilinitosha. Zephaniah angekuwa ameshafungua lango, watu wangekuwa wameshaingia, na katika vurugu za watu mia mbili dumu linaweza kutoka.

"Hakuna shida, hakuna shida kabisa!" Zephaniah akasema, na alikuwa anataka kunisaidia, Mungu anajua. "Madamu, sisi tuna utaratibu. Tangu safu ya nguo ilipoungua tukashindwa kuvunja makufuli, kila mtu anamwachia jirani yake wa kulia ufunguo wa pili. Ni sheria ya ushirika. Hata ukizimia, kabati lako linafunguliwa."

Miaka tisa hakuna aliyewahi kuuhitaji ule ufunguo wa pili. Mimi mwenyewe niliutoa siku ile nikamkabidhi, tukacheka, na sikuuwaza tena. Niliuzamisha mmoja katika muhogo na kujiona mjanja, na mwingine ulikuwa unatembea sokoni kila siku mbele ya macho yangu.

"Jirani yake wa kulia ni nani?" Winifred akauliza.

Zephaniah akamtazama Harriet.

Harriet akainua kichwa. Kwa mkono uliokuwa huru akavuta shanga za rozari kutoka ndani ya blauzi. Pembeni ya msalaba, kwenye uzi mwekundu, kulikuwa na ufunguo mdogo wa shaba.

"Ni mimi," akasema.

Winifred akanyoosha kiganja. Harriet hakumpa. Akamwomba askari amlegeze kidogo, akapiga hatua zile mbili, akaufungua uzi, akauweka ule ufunguo mkononi mwangu. Kisha akainama sikioni pangu, kama vile anaaga.

"La kwanza nimekubebea, kwa sababu ya Kaze," akaninong'oneza. "Hili fungua mwenyewe."

Akarudi mahali pake kando ya askari, akasimama wima, hatazami mtu.

Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Langoni walikuwa wameacha kuimba, wanataka kuona meza ya mwisho. Zephaniah alikuwa ananitabasamia.

Winifred aliifunga kalamu yake. Akasogea karibu sana, mpaka nikaona uso wangu kwenye miwani yake.

"Mama," akasema, "huyu amekwambia nini?"